James Bond, Mwadui na Soko la Geita: Nani Hasa Huziba Bomba la Magendo?

Kama umekulia Shinyanga, Kahama au Geita, kuna uwezekano mkubwa ulimfahamu James Bond kwenye kibanda umiza kabla hujaweza kuionyesha Uingereza kwenye ramani. Unalipa kiingilio, unabanana kwenye benchi, DJ anatafsiri juu kwa juu na kuongeza chumvi yake, na jasusi wa Malkia anashinda kila mtu. Leo nataka tuiangalie filamu moja tu kati ya hizo, kwa sababu inahusu kitu ambacho ukanda wetu unakijua kuliko Hollywood inavyokijua: magendo ya madini.

Filamu yenyewe ni Diamonds Are Forever ya mwaka 1971, ya saba katika mfululizo ulioanza na Dr. No mwaka 1962. Sean Connery ndiye Bond. Mwanzoni anaelezwa kwamba almasi zinavuja kutoka migodi ya Afrika Kusini. Wakati bosi mmoja anasifu uaminifu wa wafanyakazi, sisi watazamaji tunaonyeshwa mchimbaji akificha jiwe mdomoni, kisha akienda kwa daktari wa meno ambaye analitoa na kulipeleka mbele. Bond anafuata njia hiyo ya magendo hadi Amsterdam, hadi Las Vegas, na mwishoni anakuta almasi zote zinatumika kutengeneza setilaiti yenye leza ya kuangamiza miji. Adui anauawa au anatoweka, muziki unapigwa, watu wanatoka nje.

Sasa jiulize swali ambalo filamu hailigusi. Yule mchimbaji wa mwanzo kabisa, kesho yake akipata jiwe jingine, atafanya nini? Daktari wa meno ameshakufa. Tatizo je, limekwisha?

Swali hili lina jibu la kihistoria, na sehemu ya jibu hilo iko hapa hapa kwetu, kati ya Mwadui na Geita.

Jasusi wa kweli aliyewahi kufanya kazi Tanganyika

Ian Fleming, mwandishi aliyemuumba Bond, hakuyatoa haya yote kichwani. Riwaya yake ya Diamonds Are Forever ilitoka mwaka 1956, na ndani yake magendo yanaanzia Afrika Magharibi, kwenye almasi za Sierra Leone. Filamu ndiyo iliyohamishia mwanzo wa hadithi Afrika Kusini. Jina la riwaya alilitoa kwenye tangazo la kampuni ya De Beers, lile linalosema kuwa almasi ni ya milele, lililoandikwa mwaka 1947 na mwandishi wa matangazo Mmarekani aitwaye Frances Gerety.

Mwaka 1957 Fleming akatoa kitabu kingine, The Diamond Smugglers, na hiki hakikuwa riwaya. Kilieleza kazi ya kikosi cha kweli cha upelelezi kilichoundwa katikati ya miaka ya 1950 kwa fedha za De Beers ili kupambana na magendo ya almasi barani Afrika. Kiongozi wa kikosi hicho alikuwa Sir Percy Sillitoe, aliyekuwa mkuu wa MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1953.

Hapa ndipo utamu unapoanza kwa sisi Watanzania. Sillitoe hakuwa mgeni wa maeneo haya. Kabla ya kuwa polisi maarufu wa Sheffield na Glasgow, alikuwa askari polisi Rhodesia, akashiriki vita vya Waingereza dhidi ya Wajerumani huku Afrika Mashariki, kisha akawa ofisa wa utawala Tanganyika kuanzia 1916 hadi 1920. Kwa maneno mengine, mtu ambaye kazi yake ilimpa Fleming kitabu kizima aliwahi kuitawala sehemu ya nchi hii, miaka 20 kabla jiwe la kwanza la Mwadui halijaokotwa.

Jiwe la Mwadui

Machi 1940, mwanajiolojia kutoka Kanada, John Thoburn Williamson, alipata mwamba wa almasi pale Mwadui, eneo ambalo leo liko wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga. Williamson alikuwa msomi wa Chuo Kikuu cha McGill. Alikuwa ametafuta kwa miaka, akiishiwa fedha na kuugua mara kwa mara. Alichokipata ni bomba la kimbalaiti, yaani mwamba wa volkano uliopanda kutoka chini sana ya ardhi ukibeba almasi njiani. Almasi zenyewe hutengenezwa kwenye kina cha kilomita 150 au zaidi. Kimbalaiti ni kama lori lililozileta juu. Bomba la Mwadui lina eneo la hekta 146 hivi kwa juu, na ni kati ya makubwa kabisa duniani yaliyowahi kuchimbwa kwa faida.

Oktoba 1947 ikapatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Williamson akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth kwa ajili ya harusi yake ya mwezi uliofuata. Ilipokatwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaiweka katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Angalia miaka hiyo: 1947 ndiyo mwaka ule ule ambao tangazo la De Beers liliandikwa. Wakati Gerety anaandika kuwa almasi ni ya milele, jiwe la Shinyanga lilikuwa linajiandaa kwenda ikulu ya London.

Williamson alibaki mmiliki asiyetaka kumezwa na De Beers, na aligombana nao kuhusu bei na kiasi cha kuuza. Alifariki Januari 1958. Mwaka huo huo warithi wake waliuza mgodi kwa De Beers na serikali ya kikoloni ya Tanganyika, nusu kwa nusu.

Kwa nini almasi inafaa kwa magendo: hesabu kidogo

Tuache historia kidogo tushike kikokotoo. Karati moja ni gramu 0.2. Kwa hiyo ile almasi ya waridi, kabla ya kukatwa, ilikuwa na uzito wa gramu 10.9. Msongamano wa almasi ni takriban gramu 3.5 kwa sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo jiwe lile lilikuwa na ujazo wa kama sentimita 3 za ujazo. Ni kubwa kidogo kuliko gololi. Kitu kama hicho kinaingia mdomoni, kwenye soli ya kiatu, kwenye mche wa sabuni.

Sasa linganisha na kazi ya kukipata. Katika miaka ya karibuni Mwadui imekuwa ikipata takriban karati 6 kwa kila tani 100 za mwamba. Hiyo ni gramu 1.2 kutoka kwenye malori 10 ya tani kumi kumi. Mgodi unasaga mlima ili kupata kitu cha kufunika ukucha.

Ndiyo maana mitambo ya almasi imebuniwa kwa malengo mawili kwa pamoja: kuona jiwe, na kupunguza mikono inayoligusa. Njia ya zamani ni meza ya grisi. Mchanga wenye maji unapitishwa juu ya meza iliyopakwa grisi. Mawe mengi ya kawaida hulowana na kuteleza, lakini almasi haishiki maji, hivyo inanasa kwenye grisi. Njia ya baadaye ni eksirei: almasi nyingi zikipigwa na mionzi hiyo hutoa mwanga, kifaa kinauona, na pumzi ya hewa inalisukuma jiwe pembeni kwenye sanduku lililofungwa. Ukitazama hivi, mashine ya eksirei ni mlinzi pia.

Na dhahabu ya Geita? Msongamano wake ni gramu 19.3 kwa sentimita ya ujazo. Kilo nzima ni sentimita 52 za ujazo, sawa na viberiti viwili. Nayo inaingia mfukoni. Fizikia iko upande wa msafirishaji wa magendo, na hakuna uzio utakaobadilisha msongamano wa dhahabu.

Nini kilitokea Sierra Leone

Turudi kwa Sillitoe na watu wake. Tatizo kubwa walilokutana nalo lilikuwa Sierra Leone. Huko kampuni moja ilikuwa na haki ya pekee ya kuchimba almasi karibu nchi nzima, tangu miaka ya 1930. Lakini almasi za kule zilikuwa kwenye mchanga wa mito, si ndani ya bomba moja unaloweza kulizungushia uzio. Mtu mwenye sururu, chujio na moyo aliweza kuchimba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 maelfu kwa maelfu ya watu waliingia wilaya ya Kono kuchimba bila kibali, na mawe yao yakavuka mpaka kwenda Liberia, ambako wanunuzi walilipa vizuri bila kuuliza maswali.

Wapelelezi walijitahidi. Walikusanya habari, wakaweka wanunuzi wa siri, na watu wa kuvizia kwenye njia za msituni. Ni mambo mazuri kwa filamu. Lakini mabadiliko makubwa yalitoka sehemu ambayo haina picha nzuri: kwenye leseni. Mwaka 1955 kampuni ilikubali, kwa fidia, kuachia sehemu kubwa ya haki yake ya pekee. Mwaka 1956 serikali ikaanza kuwapa wananchi leseni za kuchimba, na ofisi za kununua kihalali zikafunguliwa karibu na wachimbaji. Mtu aliyekuwa mwizi mwezi uliopita akawa muuzaji. Almasi zilizopita kwenye njia rasmi zikaongezeka sana. Kufikia 1957 kikosi cha Sillitoe kilikuwa kimefungwa.

Sisemi magendo yaliisha Sierra Leone. Hayakuisha, na miongo kadhaa baadaye almasi ziligharimia vita vilivyoua watu wengi. Ninachosema ni hiki: kilichopunguza uvujaji katika miaka ile, zaidi ya ujasusi, kilikuwa kumpa mchimbaji njia halali yenye bei inayokaribia ile ya njia haramu. Bond angeweza kuua madaktari wa meno kumi. Kama bei ya Monrovia inazidi bei ya Freetown, daktari wa kumi na moja atapatikana.

Somo hilo hilo, Geita

Tanzania imelijaribu somo hili zaidi ya mara moja. Mwaka 1990 Benki Kuu ilianza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo kupitia matawi ya benki, kwa bei iliyokaribia ya soko. Dhahabu iliyokuwa ikipotelea kwa walanguzi ikaanza kuonekana kwenye vitabu ndani ya muda mfupi. Watu hawakuwa wachimbaji wapya. Madini yalibadilisha njia tu. Mpango ulipolegea katikati ya muongo huo, dhahabu nayo ikarudi kwa mabroka.

Kisha ikaja zamu yetu ya kujaribu njia ya ulinzi. Mwaka 2018 ukuta wa kilomita 24.5 ulizinduliwa Mirerani kuzunguka machimbo ya tanzanaiti. Kule kuna mantiki, kwa sababu tanzanaiti inapatikana eneo dogo moja. Lakini ukuta wa kuzunguka dhahabu ya Kanda ya Ziwa ungepita wapi? Nyarugusu? Kahama? Hadi Mara? Haiwezekani.

Kwa hiyo mwaka uliofuata ikaja njia nyingine. Mapema 2019 wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 wanapouza madini. Machi mwaka huo soko la kwanza la dhahabu likafunguliwa Geita, na mengine yakafuata mikoani. Kwa kubaki na mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 wakati huo, hesabu ya mchimbaji ilibadilika. Zamani, ukiweka kodi zote pamoja, broka wa gizani alikuwa na nafasi pana ya kukupa zaidi ya mnunuzi halali na bado akapata faida. Nafasi hiyo ilipobana, watu wengi wakaenda sokoni, na mauzo rasmi ya wachimbaji wadogo yakapanda.

Kuna atakayesema: lakini vyombo vya dola navyo vilikaza, watu walikamatwa, siyo bei peke yake. Ni kweli. Soko bila mkaguzi linakuwa gulio tu. Hoja yangu ni kuhusu mpangilio: ulinzi unafanya kazi pale ambapo mtu ana njia halali inayomlipa. Ukianza na ulinzi huku njia halali imefungwa au inamnyonya, unatengeneza wahalifu wapya kila siku.

Kwa nini almasi ni ngumu kuliko dhahabu

Hapa kuna jambo la kisayansi ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Ukiingia soko la Geita na dhahabu yako, mizani inasema uzito, mashine inasema usafi, na bei ya dunia ipo kwenye simu yako. Maswali matatu, majibu matatu, na wewe mwenyewe unaweza kuyahakiki.

Almasi haiko hivyo. Hakuna bei ya almasi kwa gramu. Mawe mawili ya karati moja moja yanaweza kutofautiana bei mara nyingi sana kwa sababu ya rangi, usafi wa ndani, umbo, na namna yatakavyokatika. Mchimbaji wa Maganzo, jirani kabisa na Mwadui, akimpelekea dalali jiwe, anayejua thamani ni dalali. Mwenye jiwe anabahatisha.

Na tatizo hili halimpati mchimbaji mdogo tu. Mwaka 2017 serikali ilizuia mzigo wa almasi za Mwadui katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Ilisema mzigo uliotajwa kuwa na thamani ya takriban dola milioni 14.8 ulikuwa na thamani ya dola milioni 29.5. Kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa mwanahisa mkubwa wa mgodi wakati huo, ilikanusha kufanya kosa. Sina haja ya kuamua ugomvi huo hapa. Angalia tu umbali kati ya namba hizo mbili. Hakuna mdomo wa mchimbaji unaoweza kubeba tofauti kama hiyo. Kama taifa halina wathamini wake wa kutosha, litakuwa linabishana gizani.

Gharama ya kumfanya kila mtu mshukiwa

Nimalizie na jambo zito zaidi. Filamu inamwonyesha mchimbaji kwa sekunde chache tu, akiiba. Hana jina wala mshahara tunaoujua, wala hatuelezwi ardhi ile ilikuwa ya nani kabla ya mgodi. Hiyo ndiyo jicho la mwenye mgodi, na kikosi cha Sillitoe kilitazama kwa jicho hilo hilo.

Mwadui, wanaoingia mgodini usiku kutafuta mawe wanaitwa wabeshi. Kisheria ni wavamizi. Lakini mwezi Mei 2021 Petra Diamonds ilitangaza makubaliano yenye thamani ya pauni milioni 4.3, yakiwemo malipo kwa wadai 71 waliofungua madai Uingereza, gharama za mawakili na miradi ya jamii. Yalifikiwa bila kampuni kukubali kuwajibika kisheria, lakini yenyewe ilikiri kuwa kulikuwa na matukio yaliyohusisha vifo, majeraha na kutendewa vibaya kwa wachimbaji haramu, matukio yaliyohusu walinzi wa kampuni iliyopewa kandarasi ya ulinzi.

Watu walikufa kwa ajili ya vitu vyenye ukubwa wa ukucha. Ukiisoma historia hii kama filamu, hao ni wale wasio na majina wanaoanguka kabla Bond hajafika. Ukiisoma kama historia ya Shinyanga, hao ndio wahusika wakuu, na swali linakuwa jingine: kwa nini kijana aone kuingia gizani mbele ya bunduki kuna nafuu kuliko njia nyingine zilizo mbele yake?

Swali hilo halijibiwi na jasusi. Linajibiwa na mambo ya kawaida kabisa: maeneo ya kuchimba yaliyotengwa kihalali, leseni ambayo mtu wa kijijini anaweza kuimudu, mthamini anayeaminika ndani ya soko la Shinyanga, kodi isiyomsukuma muuzaji kwa mlanguzi. Hakuna atakayelipa kiingilio kwenda kutazama filamu ya mthamini wa madini akiwa na lenzi yake na kitabu cha kumbukumbu. Lakini kama wewe unasoma jiolojia, uchumi au sheria na unajiuliza ukimaliza utakuwa na faida gani kwa watu wa kwenu, basi kazi ipo, na kwa upande wa almasi bado haijafanyika vya kutosha.